Tulijifunza Kushona Ngozi kwa Ajili ya Mguu Mmoja

Mama mpendwa, kama hapo mlangoni pako pana katambuga, za mumeo au za mtoto, hebu chukua moja uingize mkono. Pitisha kiganja polepole juu ya soli, kuanzia kisiginoni hadi penye vidole. Umegusa kichwa cha msumari? Mguu mzima ukikanyaga msumari huo unashtuka, na mwenye mguu atakaa chini, atafute jiwe, augonge urudi ndani. Lakini ipo miguu isiyoshtuka. Haya tunayowaandikia yalianza na mguu wa namna hiyo.

Sisi ni wanawake sita wa kikundi cha akina mama wa kanisa hapa Masieda, wilayani Mbulu. Mmoja wetu ni muuguzi wa zahanati, naye ndiye aliyeshikishwa kalamu. Mmoja ana cherehani na hushona sare za shule. Waliobaki ni wakulima wa mahindi na maharage, wenye ng'ombe wawili watatu na mbuzi. Hakuna kati yetu aliyewahi kushona ngozi. Mwaka ulikuwa 2018, mwezi wa tano, mvua zikielekea kwisha.

Mzee mmoja alikuja zahanati na kidonda chini ya mguu wa kulia. Tulimfahamu. Kidonda hicho tulikuwa tumekisafisha na kukifunga mara nyingi, kikapona, naye akarudi nacho baada ya miezi miwili au mitatu. Mzee huyu aliugua ukoma zamani, akapewa dawa, akapona kabisa. Tunalisisitiza neno hilo kwa sababu hata kanisani walikuwapo waliokwepa kumpa mkono. Dawa za mseto za ukoma, ambazo Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza mwaka 1981, na ambazo mgonjwa hapa Tanzania hupewa bila malipo, huua vimelea. Mtu aliyemaliza dozi haambukizi mtu yeyote. Lakini mishipa ya fahamu iliyokwisha kufa kabla ya dawa hairudi. Mguu unabaki na ganzi. Ukiuchoma, ukiuunguza, ukiukata, mwenyewe anaendelea na mazungumzo.

Siku hiyo kidonda kilikuwa na tundu dogo la mviringo katikati, kana kwamba mtu amelipima. Tukaichukua katambuga yake tukaingiza mkono. Msumari ulikuwa umesimama juu ya soli, urefu wake kama punje ya mahindi. Alikuwa ametoka nao mnadani, mwendo wa saa tatu, na kila hatua msumari uliingia na kutoka bila yeye kujua.

Tulisafisha, tukafunga bendeji, tukamwambia apumzishe mguu kwa wiki kadhaa. Kisha tukamrudishia katambuga zake avae aende nyumbani. Alikuwa amekwisha kuvuka uwanja wa zahanati tulipotambua tulichofanya. Kwa miaka miwili tulikuwa tukimtibu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili tukimkabidhi msumari.

Jumamosi iliyofuata tuliliweka jambo hili mbele ya wenzetu. Swali la kwanza lilikuwa la haki: kwa nini asinunuliwe viatu dukani? Tulieleza. Malapa yenye kamba kati ya vidole hayamfai mtu mwenye ganzi, maana hayabaki mguuni mpaka vidole viyashike, na vidole visivyohisi havijui kushika. Tena kamba ile humkata katikati ya vidole. Viatu vya plastiki vinachoma kwa joto na havinyooki kufuata mguu uliopinda. Viatu maalumu vya raba laini vinatengenezwa katika hospitali kubwa, lakini nauli na siku za safari zilikuwa zimemshinda mzee mara mbili. Tena si yeye peke yake. Tulikuwa tumeanza kuwapata wagonjwa wa kisukari ambao nao miguu yao imekufa ganzi, na wapo ambao panya huwatafuna vidole usiku wamelala, wakaamka asubuhi na kuona damu kwenye blanketi. (Mama mwenye mgonjwa wa kisukari nyumbani, mfunike miguu usiku na usiache mabaki ya chakula chumbani.)

Basi mmoja wetu akasema, "Ngozi si ipo? Kila harusi hapa ng'ombe anachinjwa, na ngozi wanapewa mbwa." Sote tukaona ni kweli. Tulikubaliana kushona viatu sisi wenyewe. Hatukujua hata neno moja la kazi hiyo.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba ngozi ya ng'ombe ni ngozi ya viatu. Tuliomba ngozi mbili kwenye sherehe, tukaziloweka kwenye pipa lenye chokaa ili manyoya yatoke, kisha tukatafuta magome ya miti ya kuziivisha. Tusiwachoshe na habari za pipa hilo. Inatosha kusema kwamba baada ya wiki mbili majirani walituma ujumbe, na mume wa mwenye pipa aliuliza kwa upole kama kikundi cha kanisa kina mpango wa kumhamisha kwake. Ngozi moja ilioza. Nyingine ilikuwa na mikato ya kisu sehemu zaidi ya kumi, kwa kuwa wachunaji walikuwa na haraka ya nyama, na kila mkato ulikuwa mwanzo wa kupasuka.

Katika hayo tulijifunza jambo ambalo tungependa kila mama mwenye mifugo alijue. Ngozi huharibika kuanzia saa zile za kwanza. Ikitolewa, ichunwe kwa ngumi zaidi kuliko kwa kisu, ioshwe, na ipakwe chumvi upande wa nyama mapema siku hiyohiyo, karibu kilo moja ya chumvi kwa kilo tatu za ngozi. Ama iwambwe kwenye fremu ya miti na kukaushwa kivulini penye upepo. Tunavyofanya wengi wetu, kuitandaza chini juani, hupika ngozi juu na kuiacha ikioza ndani. Kuisindika mpaka iwe ngozi ya kiatu ni kazi ya viwanda, na wanaotumia magome hununua unga wa miwati, miti ileile inayopandwa kwa wingi Njombe. Tuliona tuwaachie wenyewe. Tulipata vipande vya ngozi iliyokwisha sindikwa kutoka Arusha, vile vinavyobaki mafundi wakubwa wakishakata mabegi, na vilituponyesha mifuko.

Hata hapo palikuwa na la kujifunza. Ngozi iliyosindikwa kwa magome ni ngumu kiasi, ina rangi ya kahawia mpaka ndani, na huliweka umbo unalolipa. Hiyo ndiyo ya mikanda na ya soli ya ndani. Iliyosindikwa kwa dawa ya kromu ni laini, na ukiikata ukingo wake huonyesha rangi ya kijivu kama ya bluu hivi. Hiyo ni nzuri kwa kanda za juu, zinazolala juu ya mguu, kwa kuwa inakunjika na haiogopi maji sana. Kabla hatujajua hilo tulikata kanda za juu kutoka ngozi ngumu, na zilikuwa kama mbao.

Sasa vifaa. Shemeji wa katibu wetu alikuwa na safari ya mjini, nasi tukampa fedha tulizopata kwa kuuza maharage ya shamba la kikundi. Tulimwambia tu, "Vifaa vya kushonea ngozi." Masikini, alifanya alivyoweza. Alirudi na sanduku zuri, limefunikwa kitambaa chekundu ndani, lenye vifaa zaidi ya thelathini. Tulipolifungua sote tulisema "Aaa!" kama watoto. Kulikuwa na vyuma vya kugongea maua, vyuma vya kugongea herufi, magurudumu madogo yenye meno, nyundo ya kuchezea, na kisu chenye mpini unaong'aa. Msharasi, yaani ile sindano nene ya kutobolea, ulipinda siku ya kwanza tulipoujaribu kwenye soli. Kisu hakikukata hata ukingo wa ngozi laini bila kuivuta. Zile fedha zilikuwa za maharage ya msimu mzima.

Wiki tatu sanduku lilikaa juu ya kabati la mmoja wetu, na hakuna aliyelitaja. Katika vikundi vya akina mama mnajua jinsi jambo la namna hii linavyoweza kuleta manung'uniko. Yupo aliyeanza kukosa mikutano. Tulikuwa karibu kuacha.

Aliyetuokoa ni kijana fundi viatu anayekaa chini ya mwavuli siku ya mnada. Tulimpelekea sanduku tukimwomba atuonyeshe matumizi yake. Alikitazama kifaa kimoja baada ya kingine, akakirudisha mahali pake kwa adabu, kisha akasema, "Mama zangu, hivi ni vya kupambia. Ninyi mnataka kupamba au kushona?" Akalisogeza mbele kopo lake la mafuta ya kula lililokatwa mdomo. Ndani yake kulikuwa na karakana yote: kisu alichokitengeneza kwa kipande cha msumeno wa chuma na kukifunga mpira wa baiskeli kuwa mpini, misharasi miwili, mmoja ulionyooka na mmoja wenye ndoano nchani, ambao aliutengeneza kwa spoku, sindano mbili nene, uzi wa nailoni, donge la nta, nyundo, kipande cha bomba la antena ya redio kilichonolewa mdomo kwa ajili ya kutoboa matundu ya mviringo, na jiwe la kunolea. Basi. Kwa hivyo alikuwa akilisha mke na watoto watatu.

Tulikaa miguuni pake minada mitatu, miezi mitatu mfululizo, tukimpa chai na maandazi. Somo la kwanza halikuwa kushona. Lilikuwa kunoa. Alitufanya tunoe kisu juu ya jiwe, kisha tukipitishe juu ya kipande cha ngozi mara nyingi, mpaka kikate karatasi bila kuivuta. Alisema kisu butu ndicho kinachokata watu, kwa kuwa unakikandamiza nacho kinateleza. Mmoja wetu hakusikia vizuri, akakata akijivutia kisu kifuani, na kidole gumba chake kilishonwa nyuzi tatu zahanati kabla hakijawahi kushona chochote.

Somo la pili ndilo lililotupa moyo. Cherehani hushona kwa nyuzi mbili zinazoshikana katikati. Uzi mmoja ukikatika, mshono huanza kufunguka. Fundi hutumia uzi mmoja wenye sindano kila mwisho. Sindano zote mbili hupita katika kila tundu, moja kutoka kulia na nyingine kutoka kushoto, zikipishana. Ukikatika mshono mmoja, wa pili bado umeshika. Uzi uwe mrefu mara nne ya mahali unaposhona, na upitishwe kwenye nta ya nyuki mpaka unate. Mwenzetu wa cherehani alilipenda jambo hili mno, akasema miaka yote alidhani mashine yake imewashinda watu wa mikono.

Nta hatukuinunua. Huku kwetu asali ipo, na masega yakishakamuliwa hutupwa. Umbali kati ya tundu na tundu tuliupata kwa uma wa kulia chakula: unaukandamiza juu ya ngozi, unaacha alama nne, unaweka jino la kwanza katika alama ya mwisho, unaendelea. Mstari unatoka sawa kama wa kiwandani. Uma huo sasa haurudi mezani.

Lakini matundu yetu yalikuwa makubwa na mabaya, na hapo tulirudi nyumbani. Kuna bibi mmoja jirani yetu, umri wake unakaribia miaka 90. Alikuja kutuona tukihangaika, akaomba ngozi, akaipapasa, akacheka. Bibi zetu sisi Wairaqw walishona sketi za ngozi ya mbuzi na kuzitarizi kwa shanga, mistari na duara, kazi ya miezi. Zamani wasichana walifanya kazi hiyo wakiwa unyagoni, mpaka unyago huo ukakomeshwa wakati wa utawala wa Waingereza. Bibi huyu mwenyewe hakufika huko, ila alikaa kando ya mama yake akimwangalia anavyotoboa. Jirani zetu Wabarabaig, akina mama wao hata leo bado unaweza kuwaona wamevaa sketi zao za ngozi zenye nyuzi zinazoning'inia.

"Mnatoboa kama mnaua nyoka," bibi akatuambia. Alituonyesha kwamba tundu halipigwi. Msharasi unapakwa mafuta kidogo, unasimamishwa wima, unasukumwa huku ukizungushwa nusu duara kushoto na kulia, na kidole cha mkono wa pili kinasubiri upande wa chini kuhisi ncha inapotokea. Tundu linatakiwa liwe dogo hata sindano ilalamike kupita. Tundu kubwa maji yanaingia. Kisha akauliza swali ambalo hata fundi hakutuuliza: msharasi wenu una umbo gani? Wetu ulikuwa wa mviringo kama msumari. Akasema wa mama yake ulikuwa na pembe, kwa hiyo ulikata badala ya kusukuma, na ngozi ilijifunga tena juu ya uzi.

Wa namna hiyo hatukuupata dukani. Tuliupata kwa mhunzi wa Kibarabaig, upande wa bondeni. Watu hawa ndio wanaofua vichwa vya mishale ya Wahadzabe, na bangili za shaba ambazo watalii hununua. Tulimpelekea tupa kuukuu iliyokwisha meno. Tulikuwa tumechora tunachotaka kwenye karatasi ya daftari. Hakuitazama sana karatasi. Aliomba tumwonyeshe sindano na uzi wetu, akapima unene wake kwa kucha. Jioni tulirudi na misharasi miwili yenye ncha ya pembe nne, imara kama meno. Malipo yalikuwa pungufu ya nauli ya kwenda mjini. Mpini tuliuchonga wenyewe kwa mti wa mzeituni wa porini.

Sasa tulikuwa tayari kwa mguu wenyewe. Tulimwita mzee jioni, si asubuhi, kwa sababu miguu huvimba kidogo mchana kutwa, na kiatu kilichopimwa alfajiri kitabana saa kumi. Alisimama juu ya boksi lililofunguliwa, uzito wote chini, tukazungusha penseli iliyosimama wima. Miguu yote miwili, maana haifanani kwa mtu yeyote, na kwake mmoja ulikuwa umefupika vidole. Tuliongeza sentimita moja mbele ya kidole kirefu. Raba laini ya soli ya ndani tuliipata kwa kuomba kupitia kwa mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya. Iwe nene kiasi cha sentimita moja, na ukiibana kati ya kidole gumba na cha shahada ishuke mpaka karibu nusu. Isiposhuka ni ngumu mno, ikigusana kabisa ni laini mno, italala baada ya mwezi. Chini yake tuliweka tairi. Hapa kuna neno: chagua tairi kuukuu lenye nyuzi za kitambaa ndani. Lenye waya usilichukue, kwa kuwa waya ni msumari wa pili.

Msumari hata mmoja hatukuutumia. Tulishona pembeni kwa msharasi wa ndoano na kugandisha kwa gundi, ukipaka pande zote mbili, ukisubiri kama dakika kumi na tano mpaka isinate kidoleni, ndipo unabana. Gundi hiyo ifanyieni kazi nje, mbali na jiko na mbali na watoto. Mvuke wake hushika moto na hulevya.

Viatu vilipokamilika tulijisifu sana. Mzee alivivaa saa nzima pale pale uani, akatembea, akasema ni vizuri. Bila shaka alisema ni vizuri. Asingehisi kama ni vibaya. Tulimvua. Juu ya kisigino kulikuwa na alama nyekundu, na baada ya nusu saa alama ilikuwa bado ipo. Kwa mguu wenye ganzi hiyo ni dalili kwamba kidonda kinakuja. Tulipindua kiatu: fundo la uzi lilikuwa limekaa ndani, na mshono wenyewe umesimama juu ya ngozi kama matuta ya viazi. Kwa mguu wako au wetu ni kero ya siku mbili, kisha unazoea. Kwake ilikuwa sawa na ule msumari.

Mwenzetu mmoja alilia. Tulikuwa tumetumia miezi saba.

Fundi alipoviona siku ya mnada alisema mshono ulitakiwa kulazwa ndani ya mfereji mwembamba uliochongwa kwenye ngozi, ili uzi uwe chini kuliko uso wa ngozi, na mafundo yote yatoke nje. Yeye huchonga mfereji huo kwa ncha ya kisu, jambo linalohitaji mkono wa miaka. Ndipo mwenzetu wa cherehani alipokumbuka. Akaenda kwenye kabati, akalitoa lile sanduku jekundu, akafukua chini ya maua na herufi zote, akatoa kijichuma kidogo chenye jicho nchani, ambacho hatukuwahi kujua ni cha nini. Ukikivuta ukingoni mwa ngozi kinanyofoa uzi mwembamba wa ngozi na kuacha mfereji ulionyooka. Katika vifaa thelathini na zaidi, hicho ndicho tulichokihitaji, na kilikuwa nyumbani muda wote.

Jozi ya pili ilimfaa. Kanda zake ni tatu, na ya kisigino ina matundu mengi ili akivimba alegeze. Tulimwagiza avae saa mbili siku ya kwanza, nne siku ya pili, na kila jioni aloweke miguu nusu saa kwenye maji ya baridi, apake mafuta, na mjukuu wake amtazame nyayo kwa tochi. Mjukuu ana miaka tisa na analichukua jambo hili kama kazi ya serikali.

Tangu wakati huo tumeshona jozi nyingi, nyingine za wagonjwa, nyingine za kuuza ili kununua ngozi. Akina mama hutuuliza waanze na nini. Tunawaambia wasinunue sanduku. Kisu kimoja na jiwe lake, msharasi mmoja wenye pembe, sindano mbili, uzi, nta, uma wa mezani na ubao wa kukatia. Anza na mkanda wa mtoto wa shule, kwa sababu ni mshono ulionyooka na ukiharibika hasara ni ndogo. Kifaa cha nane utakijua mwenyewe kazi ikikukwamisha.

Turudi kwa mzee. Kidonda kilifunga, na miezi minne hatukumwona zahanati. Tukasema tumeshinda. Mwezi wa tano akaja, kidonda kilekile, mahali palepale, na miguuni ana katambuga za zamani. Tulikasirika, tukaificha hasira, tukamuuliza viatu viko wapi. Akashangaa. Viko nyumbani, akasema, vimefungwa kwenye mfuko, juu ya kitanda. Vile ni vya kwenda kanisani. Mtu atavaaje viatu kama vile kwenye matope na ng'ombe?

Tulitazamana. Wiki ile tulikaa tukashona jozi nyingine, kipimo kilekile, raba ileile, mfereji na mafundo vilevile, lakini kwa ngozi mbaya kuliko zote tulizokuwa nazo, yenye chapa ya ng'ombe katikati na makovu ya kupe kila mahali. Hatukusugua kingo wala hatukupaka rangi. Tulipompelekea alivigeuzageuza mikononi muda mrefu, akauliza ni nani kati yetu aliyeshona akiwa mgonjwa. Kisha akavivaa, akaenda kufungua zizi.